Nyumba Imekarabatiwa, Usihamie Bado: Mwongozo Kamili wa Kuhamia kwa Gharama Ndogo

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Tumemaliza kukarabati, tumepaka rangi, tumehamia. Miezi miwili haijatimia, kabati limeota ukungu na rangi inabambuka. Tumekosea wapi?" Anauliza mtu wa Mji Mkongwe, anauliza wa Kwahani, anauliza wa Chake Chake. Nyumba zao hazifanani, kosa ni lilelile. Wamehamia nyumba mbichi, kisha wameijaza vitu vipya.

Na mimi nilifanya hivyo. Fundi alinikabidhi ufunguo wiki mbili kabla ya Ramadhani, na moyo wangu ulitaka futari ya kwanza tuile kwetu. Nikanunua kabati la milango mitatu, nikalisogeza mpaka likagusa ukuta. Masika yalipopita nikalivuta ili nifagie nyuma yake. Ubao wa nyuma ulikuwa umevimba kama boflo lililotiwa kwenye chai. Doti yangu ya kanga ya harusi, iliyokuwa rafu ya chini kabisa, ilikuwa imegandana na mbao, na nilipoibandua ilibaki na madoa meusi ambayo hayajatoka hadi leo.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Mpangilio ndio unaookoa pesa. Ukianza na kununua ukamalizia na kukausha, utanunua mara mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vingi vimo nyumbani mwako, vilivyobaki vinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi.

- Nailoni angavu ya mita moja kwa mita moja, ikatwe vipande vinne vilivyo sawa, pamoja na utepe mpana wa kubandikia
- Brashi kavu ya nyuzi ngumu (ya waya itachimba lipu)
- Ufagio wa njukuti na ufagio laini
- Ndoo mbili, matambara ya fulana kuukuu, sabuni, siki nyeupe, na jiki isiyotiwa manukato
- Barakoa na glavu
- Bisibisi, tochi, futi ya kupimia, uzi mrefu, penseli
- Daftari
- Kitasa kipya cha mlango wa mbele
- Vipande vya vigae na mbao zilizobaki kwa fundi. Mwambie mapema asivitupe.
- Chokaa, kama nyumba yako ni ya mawe

## Hatua ya 1: Ujue ukuta wako

Simama dirishani uangalie unene wa ukuta. Ukifika nusu mita au zaidi, na nyumba ni ya zamani, hiyo ni nyumba ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Ukiwa mwembamba, kama inchi sita au nane na lipu yake, hiyo ni ya matofali ya saruji.

Kujua hili ni muhimu kwa sababu ukuta wa mawe na chokaa unavuta maji na kuyatoa. Unapumua. Ukiuvalisha lipu ya saruji na rangi ya mafuta umeuziba pumzi. Maji hayaondoki, yanatafuta njia nyengine, na yakiipata yanasukuma lipu mpaka inaanguka vipande. Ndiyo maana nyumba nyingi za Mji Mkongwe zinabambuka mwaka uleule zilipopakwa rangi ya gharama.

Kama fundi wako ameshapaka saruji, usibomoe nyumba nzima. Gonga ukuta kwa vidole, hasa ile mita moja ya chini. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na ukuta. Hapo tu ndipo pa kubandua na kurudishia lipu ya chokaa na mchanga. Na kama nyumba imo ndani ya eneo la hifadhi, usimwite fundi kabla hujapata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Juu ya lipu ya chokaa paka chokaa. Ni rahisi kuliko rangi, na ukungu hauipendi kwa ukali wake. Wengi wanaipaka vibaya, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Chukua chokaa iliyokwisha zimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji ikachemka na kupoa, ichuje kwa kitambaa, iongeze maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta kwa brashi, kisha paka mkono mwembamba. Utauona ukuta uko kama hujapaka kitu, unaonekana maji matupu. Hapo ndipo watu wanapoharibu: wanaingiwa na wasiwasi, wanaongeza chokaa mpaka inakuwa nzito kama uji. Chokaa nzito haishiki. Ukiiegemea inakuachia mgongo mweupe. Acha mkono wa kwanza siku nzima, nao utajiweupesha wenyewe ukikauka. Rudia mara tatu au nne, siku moja baina ya kila mkono.

Chokaa inaunguza macho na ngozi. Vaa glavu, funika macho, na watoto wasiwepo. Ikikuingia jichoni suuza kwa maji mengi safi kwa robo saa nzima, kisha nenda hospitali. Na usiipake juu ya rangi ya maji wala ya mafuta, haitashika.

## Hatua ya 2: Pima ukavu, usikisie

Ukuta unaweza kuwa mkavu mkononi na ndani umejaa maji. Kipimo cha kweli ni nailoni.

Bandika vipande vyako vinne: kimoja chini ya ukuta unaopigwa na mvua, kimoja ukuta wa chooni kwa upande wa chumbani, kimoja sakafuni katikati ya chumba, na kimoja pale unapokusudia kuweka kabati. Ziba pande zote nne kwa utepe, hewa isipite. Acha siku nzima, usiku na mchana.

Kisha tazama. Matone yakiwa upande wa ndani, yale yanayogusana na ukuta, ukuta bado unatoa maji. Matone yakiwa upande wa nje, huo ni unyevu wa hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha. Ikiwa kukavu pande zote mbili, na ukuta uliofunikwa haujabadilika rangi, mahali hapo pamekauka.

Andika kila jibu daftarini na tarehe yake, rudia baada ya wiki mbili.

### Maji yanatoka wapi?

Kabla ya kulaumu lipu mpya, soma umbo la unyevu. Ukuta unasema wenyewe.

Unyevu ukiwa chini, umepanda hadi magotini au kiunoni, na juu yake kuna mstari wa unga mweupe, maji yanapanda kutoka ardhini. Tazama nje: mara nyingi ni udongo uliolundikwa ukutani, au sakafu ya uwani inayomiminia maji upande wa nyumba badala ya mferejini.

Unyevu ukiwa juu, karibu na dari, ni bati, ni mlizamu wa paa, ni ufa. Panda wakati wa mvua uangalie, usisubiri jua.

Likiwa doa moja lililokaa peke yake, halipungui hata kiangazi, ni bomba lililofukiwa ukutani. Funga mifereji yote, soma mita ya maji, kaa saa nzima bila kutumia hata tone, soma tena. Namba zikisogea, bomba linavuja.

Ukuta ukiwa na unyevu sawasawa kote, juu na chini, hayo ni maji ya lipu yenyewe. Hayo pekee ndiyo yanayoponywa na subira. Hayo matatu mengine hayakauki mpaka chanzo kizibwe, na mtu anayesubiri anapoteza miezi.

Ule unga mweupe ni chumvi. Inatoka ardhini, kwenye matumbawe, au kwenye mchanga wa pwani ambao fundi ameutumia kwa sababu ni rahisi. Usiuoshe kwa maji. Maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ukutani, na wiki ijayo imetoka tena. Ifagie kwa brashi kavu, ianguke kwenye gazeti, itupwe nje. Rudia kila inapotoka. Kila mara itakuwa kidogo kuliko ya mwanzo, ikiwa chanzo kimeshazibwa.

## Hatua ya 3: Kausha kwa upepo na siku

Lipu ya saruji inahitaji kumwagiliwa kama siku saba za mwanzo ili ikaze, kisha iachwe ikauke kwa uchache wiki nne kabla ya rangi. Chokaa ni polepole zaidi. Hizo wiki nne ni za kiangazi. Kama lipu imepigwa masika, usihesabu wiki, hesabu majibu ya nailoni.

Ukiweza kupanga, panga fundi amalize kabla ya kaskazi kuingia. Kuanzia Disemba hadi Februari jua ni kali, na ukuta unakauka huku ukiuona. Miezi ya kusi nayo ni mizuri, kuanzia Juni, mvua za masika zikishakatika. Kumaliza lipu mwezi wa Machi na kuhamia Aprili ndilo kosa langu mimi, na ndilo kosa la wengi.

Kila siku fungua madirisha ya pande mbili zinazoelekeana, kuanzia kama saa tatu asubuhi umande ukishaondoka, hadi alasiri. Dirisha moja peke yake halipitishi upepo. Fungua na milango ya ndani, na ya makabati ya ukutani. Mvua ikinyesha funga, kwa sababu hewa iliyoshiba maji haikaushi kitu. Kama umeme umeshaingia, feni iliyoelekezwa kwenye ukuta mbichi ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Udi na ubani nyumba mpya inastahili, na mimi nafukiza. Lakini moshi wa chetezo unabadilisha harufu, haukaushi ukuta. Ukisikia harufu ya unyevu na ukaifukizia, umejifichia mwenyewe dalili.

Onyo ambalo naomba ulisome mara mbili: usiwashe seredani ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kukausha lipu. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo inamuua mtu akiwa usingizini. Hata chumba kitupu ni hatari, kwa sababu anayekuja kukifungua ndiye anayeivuta.

### Na kama huna pa kukaa?

Hili ndilo zito, najua. Kodi ya unapoishi inakwisha, au uko kwa wakwe na umechoka. Piga hesabu kwa uwazi: kodi ya mwezi mmoja zaidi ni ndogo kuliko kabati, godoro na rangi ya mara ya pili. Mwambie mwenye nyumba mapema, usisubiri siku ya mwisho. Ukiwa kwa mama mkwe, mpeleke akaione ile nailoni ina matone. Akishaona kwa macho yake hatafikiri unapenda kukaa tu.

Ukilazimika kuhamia, hamia chumba kimoja, kile kilichokauka zaidi. Kikiwa ghorofani ni bora. Kitanda, chandarua, sanduku la nguo juu ya matofali, na kamba ya kutundikia. Vyumba vyengine viachwe vitupu, wazi, vikipigwa na upepo.

## Hatua ya 4: Kitasa, umeme, maji

Kitasa ni cha kwanza. Funguo za mlango wako zimepita mikononi mwa mafundi, vibarua na waleta mchanga. Si kwamba ni watu wabaya. Huwezi kujua nakala ziko ngapi.

Umeme: chomoa kila plagi, zima kila taa, kisha itazame mita ya Tukuza, ile ya kulipia umeme kabla ya kutumia. Ikiwa kile kitaa kinaendelea kupepesa na ndani hakuna kinachotumia, kuna umeme unaovuja au kuna waya uliounganishwa usipopajua. Mwite fundi mwenye leseni kabla hujaingiza friji. Ukuta mbichi na waya uliochubuka haviwekwi pamoja. Bonyeza na kile kitufe cha kujaribia kwenye swichi kubwa: swichi ikianguka papo hapo, iko hai.

Maji: fungua mifereji yote uache yatiririke mpaka yawe safi, uyakinge kwenye ndoo kwa deki ya hatua ya tano. Fungua vile vichujio vidogo mdomoni mwa mifereji, utakuta mchanga wa fundi umejaa.

Tangi lisuguliwe kwa brashi na sabuni, lisuuzwe. Kisha lijaze maji, utie jiki lita moja na nusu kwa kila lita elfu moja, uache usiku mzima. Asubuhi mwaga yote kupitia mifereji ya ndani, ili mabomba nayo yasafike, kisha jaza upya. Maji ya usiku ule hayanywewi wala hayapikiwi. Tangi na mapipa yawe na vifuniko vinavyobana, mbu wa homa ya dengi anazaa kwenye maji safi ya ndani.

## Hatua ya 5: Ondoa vumbi la ujenzi

Anza juu, shuka chini: dari, boriti, juu ya milango, madirisha, ukuta, sakafu mwisho. Vaa barakoa.

Usimwage maji kwenye vumbi la saruji. Vumbi hilo likilowa linaganda, na utalikwangua kwa wiki. Mwagia sakafuni unga wa mbao uliolowa kidogo, seremala anakupa bure, ufagie polepole. Unavuta vumbi badala ya kulirusha. Ukishafagia mara mbili ndipo upige deki.

Kwenye vigae utaona utando wa kijivu usiotoka kwa sabuni. Kikombe kimoja cha siki kwa vinne vya maji, sugua, suuza vizuri. Usitumie siki kwenye marumaru, terazo wala ukuta wa chokaa, inavila.

Jiki na siki visikutane kamwe, wala jiki na dawa za chooni zenye tindikali. Vinatoa hewa ya sumu inayobana kifua. Tumia kimoja, suuza, siku nyengine tumia chengine.

Ukiwa juu na tochi, choma boriti na fremu za milango kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, mchwa wameshakula. Tafuta na vijia vya udongo ukutani. Hili ni la kumaliza na fundi leo, nyumba ikiwa tupu.

Umefaulu pale utakapopitisha kitambaa chenye unyevu juu ya mlango na kikarudi safi.

## Hatua ya 6: Daftari kabla ya duka

Gawa ukurasa sehemu tatu: *tunacho*, *tunatengeneza*, *kinasubiri*. Zunguka chumba kwa chumba. Kila unachokitamani kiingie sehemu mojawapo. Hakuna sehemu ya nne inayoitwa *tunanunua sasa*, ila kwa vitu vichache: kitasa, chandarua, ndoo au pipa lenye kifuniko, na godoro ikiwa la zamani limekwisha kabisa.

Sababu yangu ni moja. Nyumba hujaijua. Hujui jua la alasiri linapiga wapi, upepo wa kusi unaingilia dirisha gani, watoto watapenda kukaa ukumbini au uwani. Ukinunua kabla ya kujua, unanunulia nyumba iliyomo kichwani.

Mapazia. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu, inatosha dirisha la kawaida. Chukua zile zilizofifia, pinda juu sentimita tano, pitisha kamba ya usumba au uzi mnene. Kanga inaruhusu upepo, na upepo ndio tunaoutaka.

Sakafu. Mkeka wa ukindu, usiwe zulia la plastiki. Zulia la plastiki juu ya sakafu changa linafanya kazi ileile ya nailoni yetu ya kupimia: linafungia maji chini, na ukilifunua unakuta weusi unaonuka. Mkeka unapumua. Ukunje kwa kuuviringa, usiukunje mara mbili utavunjika ukili. Ufute kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Kila wiki uinue asubuhi, uegemeze ukutani, sakafu ipate hewa.

Mito na godoro. Sufi ya zamani haitupwi. Fungua foronya, ianike juani siku mbili, ipige kwa fimbo ifumuke, uirudishe. Utadhani ni mpya.

Rafu. Mbao alizofungia fundi zege ni ngumu na tayari ziko kwako. Ng'oa misumari yote, sugua saruji kwa brashi, zianike, zipige msasa. Ubao mmoja juu ya matofali manne unabeba vyombo vyote vya jikoni kwa mwaka mzima. Makopo ya rangi yanafaa kwa maua na asumini. Yasiwekwe maji ya kunywa wala chakula.

Samani za mtumba. Nunua za mbao nzito, kagua viungo kwa tochi. Vidoa vyeusi kama wino kwenye pembe ni vinyesi vya kunguni. Kuanika juani peke yake hakutoshi, wanahamia upande wa kivuli. Mimina maji yanayochemka kwenye kila ufa, nje ya nyumba, anika, rudia baada ya wiki moja kwa ajili ya mayai. Godoro la mtumba mimi silinunui, hata likiwa la bei ya bure.

Bakisha rangi kidogo kwenye chupa iliyozibwa, uandike jina lake, namba yake na chumba. Utaihitaji.

## Hatua ya 7: Pima njia

Nyumba zetu nyingi zina ngazi nyembamba zenye kona. Nimeona kitanda cha samadari kikirudi sokoni kwa sababu kilikwama kwenye kona ya pili, kikachubua lipu mpya na mguu wake wenyewe.

Pima upana wa mlango, wa ngazi, na nafasi ya kona. Kisha chukua uzi, ukate kwa urefu wa kitu, mshike wawili mtembee nao njia nzima, mkipinda pale kitakapopinda. Uzi ukibana, kitu hakipiti. Kitanda kifunguliwe, misumari yake iingie kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye ubao wake.

Kama uko Mji Mkongwe, pima na uchochoro. Gari itaishia barabarani, na kutoka hapo ni hamali. Mkubaliane bei kabla mzigo haujashuka, umweleze ghorofa ni ya ngapi.

## Hatua ya 8: Wiki ya kuhama

Wiki mbili kabla, acha kununua chakula cha akiba. Kula mchele, unga na kunde zilizobaki, ili usihame na fukusi ukawakaribisha kwenye jiko safi. Mitungi osha na anika.

Nguo zote zipigwe jua kabla ya kufungwa. Funga vyombo kwa kanga na taulo, huhitaji kununua karatasi. Kila mzigo uandikwe chumba unakokwenda. Mzigo mmoja uwe wa usiku wa kwanza: shuka, chandarua, sabuni, balbu, sufuria moja, sukari, majani ya chai, mishumaa, dawa. Huo ubebe mwenyewe mkononi.

Friji isafirishwe imesimama. Ikilazimika kulazwa, iache imesimama saa kadhaa, bora usiku mzima, kabla ya kuiwasha. Mtungi wa gesi uwekwe mahali penye hewa, na kiungo chake kijaribiwe kwa povu la sabuni. Povu likivimba, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti.

Dua ya kuingia nyumba haina haja ya karamu. Kahawa, kashata, halua kidogo, majirani wa pande zote na mzee wa kuongoza dua. Majirani ndio watakaokwambia maji yanatoka saa ngapi.

## Hatua ya 9: Kupanga, na mwezi wa kwanza

Kabati likae mbali na ukuta, upana wa kiganja chako. Likiwezekana liwe kwenye ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua. Chini ya kila mguu weka kipande cha kigae: mbao hazivuti maji ya deki, na mchwa hapandi bila kuonekana. Kitanda vivyo hivyo.

Nguo zisijazwe. Mkono wako upite baina ya marundo. Karafuu kwenye kifuko cha kitambaa inatia harufu nzuri na wadudu hawaipendi, lakini haizuii ukungu. Kinachozuia ni hewa, basi Ijumaa asubuhi wakati unasafisha, acha milango ya kabati wazi mpaka adhuhuri.

Ukiona ukungu umeanza, usiufute mkavu, utaupeperusha. Vaa barakoa, ufute kwa kitambaa cha maji ya sabuni, kausha kabisa, kisha rudi hatua ya pili utafute maji yanatoka wapi. Nguo zipelekwe nje zipigwe brashi na jua.

Kwa siku thelathini usinunue kitu kilichoandikwa *kinasubiri*. Siku ya thelathini na moja fungua daftari. Vingi utavikata kwa kalamu mwenyewe. Mimi nilikata meza ya kulia chakula ya watu sita. Tulikuwa tumezoea kula mkekani, sinia moja, karibu na dirisha linaloleta upepo wa bahari, na hakuna aliyeiulizia.

Weka alama daftarini ya siku moja zaidi: mvua kubwa ya kwanza ya masika. Asubuhi yake vuta kabati, washa tochi, pitisha kiganja ukutani kutoka chini kwenda juu. Kikirudi kikavu, lirudishe kabati mahali pake, na hapo ndipo uende kwa seremala ukaagize kile ulichokuwa unakisubiri.